Mbona Ukingo wa Bati Uliokatwa Haushiki Kutu Upesi?

Ndugu mkulima, umekata bati la kuezekea banda la ng'ombe. Tazama pale mkasi ulipopita: ni chuma kitupu. Utasema, basi, kutu itaanzia hapa hapa. Lakini masika yanapita, na ukingo ule bado wa kijivu, pengine una ungaunga mweupe kidogo. Mbona?

Bati ni chuma kilichovikwa zinki pande zote mbili. Zinki hiyo haifuniki tu kama rangi. Maji ya mvua yakigusa chuma na zinki kwa pamoja, panakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo kinacholiwa ni zinki, chuma kinasalimika. Zile betri za kawaida za redio unazijua: kopo lake la ndani nalo ni zinki, huliwa kadiri redio inavyosema, mpaka siku moja linatoboka na kuvuja. Ndivyo zinki ya bati inavyoliwa badala ya chuma kilicho jirani yake.

Jirani, nimesema. Kinga hiyo hufika milimita chache tu. Ukingo wa bati haufiki hata milimita moja, kwa hiyo umo ndani ya kinga. Lakini ukilikwangua bati mahali papana kama kiganja, katikati patashika kutu.

Tena zinki ikiisha, imeisha. Usiimalize bure. Mabati mapya yasilale chini yamebanana huku yamelowa. Maji yaliyobanwa katikati huila zinki, ukayakuta meupe kabla hata hujaezeka. Yaegemeze yakiwa yameinama, hewa ipite. Mbolea ya SA usiilundike kwenye ukuta wa bati, wala majivu yaliyolowa. Waya wa shaba usiupitishe juu ya paa. Na wenzetu wa pwani, hewa ya chumvi huimaliza upesi kuliko bara.

Fundi naye mwangalie. Wako wanaokata kwa mashine ya jiwe, ile wanayoiita grenda. Cheche zake huunguza zinki, na chembe za chuma hunata juu ya bati; mvua moja tu, madoadoa mekundu hayo! Mwambie atumie mkasi wa bati, na misumari iwe ile yenye zinki.

Siku ukiona ukingo umegeuka mwekundu, zinki ya karibu imekwisha. Sugua kwa brashi ya waya, upake rangi yenye zinki siku ya jua, bati likiwa kavu kabisa.