Je, Wajua? Alama Moja Yaweza Kukutupa Isiolo

Mji wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, uko takriban digrii 0.42 kusini mwa ikweta. Ukiiingiza namba hiyo kwenye kishikwambi bila alama ya kutoa (-) inayoonyesha kusini, shamba la kahawa unalopima litaonekana karibu na Isiolo, zaidi ya kilomita 90 kaskazini!

GPS ya kishikwambi yenyewe haihitaji bando la intaneti. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 angani. Majani mabichi huyadhoofisha, basi toka chini ya miti ya makadamia, subiri kosa la kipimo lishuke hadi mita 5, ndipo uhifadhi mahali hapo. Tena, ramani nyingi za zamani za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960. Kifaa kikisoma kwa mfumo wa WGS 84, ambao GPS hutumia, alama ya mahali kwenye ramani hizo husogea karibu mita 300.