Salme, Ruete na manowari za Bismarck

Wanafunzi wa sekondari za Bariadi, Maswa na Meatu hukariri makubaliano ya Novemba 1886, pale Waingereza na Wajerumani walipochora mstari kutoka mlango wa Mto Umba, wakaupindisha kwenye Mlima Kilimanjaro, wakaufikisha Ziwa Victoria. Kusini ya mstari huo Usukuma wote ukawa fungu la Ujerumani, na hakuna mtemi hata mmoja aliyeulizwa. Kisichosimuliwa sana darasani ni kwamba miezi 15 kabla ya hapo, manowari za Ujerumani zilitia nanga Zanzibar kumlazimisha Sultani Barghash asalimu amri, na katika msafara huo alikuwamo dada yake mwenyewe, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, pamoja na wanawe watatu.

Jina lake la kuzaliwa ni Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar, baba yake akiwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake Jilfidan, suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi, kule Kaukasi. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ilimponza mapema. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Zanzibar ilimwangukia mwanawe Majid, na mwaka 1859 Barghash akajaribu kumpindua. Salme, akiwa na miaka 15, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akamsamehe dada yake. Lakini Salme alipopatana na Majid, kundi la Barghash lilimwona msaliti. Chuki hiyo ilitangulia mapenzi yake na Mzungu kwa miaka kadhaa, na asiyeijua hawezi kuelewa yaliyofuata.

Heinrich Ruete alikuwa kijana wa Hamburg aliyefanya kazi ya biashara Zanzibar. Nyumba yake ilikaribiana na ya Salme katika Mji Mkongwe, na wote wawili walipenda kukaa darini jioni. Walizungumza Kiswahili, lugha pekee waliyoimudu pamoja. Mwaka 1866 Salme akashika mimba.

Hapo mambo yakawa ya hatari. Sheria ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na mimba nje ya ndoa katika nyumba ya Sultani ilikuwa fedheha inayoweza kulipwa kwa uhai. Hata hivyo, inafaa kukumbuka hali ya jumba lenyewe. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi kama mama yake Salme. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kuchanganya damu kulikuwa jambo la kila siku katika ukoo ule, ilimradi mwanamume awe wa kwao. Salme aliigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu.

Usiku wa 24 Agosti 1866, wakati wa sherehe za Mwaka ambapo wanawake huteremka pwani kuoga, Salme aliteremka nao. Mke wa kaimu balozi wa Uingereza, Emily Seward, alikuwa ameshapanga safari. Mashua ilimpeleka hadi kwenye manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer, ikang'oa nanga kwenda Aden. Huko alisubiri kwa miezi kadhaa na huko ndiko alikojifungua mtoto wa kiume. Ruete alibaki nyuma kukamilisha shughuli zake, na Majid hakumdhuru. Tarehe 30 Mei 1867, siku moja na mahali pamoja, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza alifariki njiani wakielekea Ujerumani.

Hamburg walizaliwa wengine watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie. Watu walimkodolea macho, naye alisumbuliwa na baridi na upweke. Kisha, Agosti 1870, mumewe akafa kwa ajali ya tramu. Mjane wa miaka 25 aliwekewa wasimamizi wanaume wa mali, na mali hiyo ikapukutika. Ilifika mahali akawa anafundisha Kiarabu ili wanawe wale.

Mwaka huohuo Majid naye akafariki, na kiti kikakaliwa na Barghash.

Kuanzia hapo mgogoro wa ndugu uligeuka kuwa karata mikononi mwa mataifa. Salme alidai urithi wake. Barghash alijibu kwa kukaa kimya, akiegemea sheria kwamba aliyetoka katika dini harithi. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alimfuata huko akitaka kumwona. Uingereza ilimhitaji sana Sultani, aliyekuwa ametia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa miaka miwili nyuma. Sir Bartle Frere, aliyekuwa amehusika na mkataba huo, alimshawishi Salme asimkaribie kaka yake, akimwahidi msaada kwa ajili ya watoto. Salme alikubali. Ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye zamu ikawa ya Wajerumani. Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Karl Peters alidai kuzipata kwa mikataba, zikiwamo Usagara na Ukami. Barghash alipinga. Kansela Bismarck akatuma manowari, na Salme akasafirishwa kuzifuata. Kwa ndoa yake alikuwa raia wa Ujerumani: madai yake yangeweza kufanywa madai ya dola, na kama angeguswa, Ujerumani ingepata sababu ya kutumia nguvu. Agosti hiyo Barghash alisalimu amri mbele ya mizinga. Biashara ilipokwisha, Salme hakuhitajika tena, akarudi Ulaya bila urithi.

Wengi wameandika kisa hiki kama hadithi ya mapenzi ya darini. Mapenzi yalikuwapo, lakini ndoa ile ilivumiliwa au kupigwa vita kulingana na alichokihitaji balozi au kansela kwa msimu ule. Ndivyo ilivyotokea pia kwa Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato wa Bechuanaland, Botswana ya leo, aliyemwoa Mwingereza Ruth Williams jijini London mwaka 1948. Wakubwa wa ukoo wakazozana naye kama kawaida ya koo, hasa Tshekedi, amu yake aliyekuwa mlinzi wa kiti. Lakini mwaka 1949 mkutano wa kabila ulimkubali Seretse na mkewe. Aliyemfukuza nchini ni serikali ya Uingereza, iliyoogopa kuiudhi Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Alirudi mwaka 1956 baada ya kuuacha uchifu, akawa Rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966.

Katika ndoa kama ya Seretse, ukoo uliogopa mtoto chotara kurithi kiti; msomaji wa Bariadi anaweza kuuliza hofu hiyo ilitoka wapi. Kwa mila ya kale ya Usukuma, aliyerithi utemi ni mtoto wa dada, akichaguliwa na wazee wa ngoma ya utawala waitwao banang'oma. Watoto wa mke wa mtemi hawakuhesabiwa. Kwa kanuni hiyo, mtemi angeoa popote na kiti kisitikisike. Urithi wa baba kwa mwana ulishika nguvu chini ya ukoloni.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, alirudi tena Zanzibar na kukataliwa tena. Akaishi miaka mingi Beirut, hadi 1914. Miaka ya mwanzo ya 1920, akikaribia kutimiza miaka 80, ndipo alipopata malipo madogo ya uzeeni kutoka Zanzibar, enzi ya Sultani Khalifa bin Harub. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Mwanawe Rudolph, aliyeongeza jina la Said kwenye jina la baba yake, alichapisha mwaka 1929 kitabu juu ya maisha ya babu yake, Seyyid Said.