Fosforasi Katika Maji ya Unyanyembe

Misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Leo mji huo, ulio jirani na Ntalikwa, huletewa maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba. Basi afya ya ziwa hilo la mbali imekuwa jambo la Wanyamwezi pia.

Fosforasi ni rutuba. Shambani hukuza mahindi na tumbaku; ikichukuliwa na mvua hadi ziwani hukuza mwani, nao uozapo humaliza hewa wanayovuta samaki. Ili kuizuia hapana budi kujua itokako, wala haiwezekani kupima kila kijito kila siku. Ndipo inapotumiwa kompyuta. Programu iitwayo SWAT, iliyotungwa Marekani, imekwisha kutumika kuhesabu maji ya bonde la Mto Simiyu, umwagao ziwani. Bonde hugawanywa vipande kwa udongo, mteremko na mazao. Mvua ya kila siku hutiwa hesabuni, na jibu hulinganishwa na vipimo vya mtoni. Visipolingana, hesabu hurekebishwa.

Lakini hesabu haijui isichoambiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo Ziwa Viktoria huanguka kutoka hewani. Apimaye mito peke yake atamlaumu mkulima wa bondeni, na kuusahau moto wa nyika na vumbi lipeperushwalo na upepo. Kwa hiyo, kabla ya kumtungia mkulima amri, yafaa mvua na vumbi vipimwe pamoja na mto.