Mamba huota meno maisha yote, binadamu mara mbili pekee: Kwa nini?

KATIKA soko la mifugo la Chwele, Kaunti ya Bungoma, mnunuzi mzoefu hayasadiki maneno ya muuzaji kabla ya kukifungua kinywa cha ng'ombe na kuyakagua meno ya mbele ya taya la chini.

Ndama huwa na meno manane madogo ya utotoni mahali hapo. Afikapo umri wa takriban miaka miwili, mawili ya katikati hung'oka na nafasi yake kutwaliwa na meno mapana ya utu uzima. Mengine hufuata jozi baada ya jozi, hata ng'ombe wa miaka minne au mitano akawa amekamilisha yote manane.

Baada ya hapo hakuna jino jipya litakaloota. Mnunuzi husoma umri kwa kutazama jinsi meno yalivyochakaa, na ng'ombe ambaye meno yake yamekwisha hawezi kula vyema, hivyo bei yake hushuka.

Wafugaji wa Kitale na Bungoma wameijua elimu hii tangu enzi za mababu. Hata hivyo, nyuma yake limejificha swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu: kwa nini baadhi ya wanyama wenye uti wa mgongo hubadilisha meno maisha yao yote, ilhali wengine, binadamu akiwamo, hupewa nafasi mbili tu?

Ghala lisiloisha

Mto Nzoia hupokea maji kutoka milima ya Cherangany na Elgon, ukapita Trans Nzoia na Bungoma na hatimaye kumwaga katika Ziwa Victoria. Sehemu zake za chini, kuelekea Budalang'i, ni makao ya mamba, mnyama ambaye ni mfano bora wa kiumbe asiyeishiwa na meno.

Mamba wa mto Nile ana meno zaidi ya 60. Kila jino lililo wazi kinywani lina jingine changa linalokua chini yake, ndani ya tundu lilo hilo la taya. Jino changa linapopevuka, mzizi wa lile la juu hulika polepole hadi likalegea na kuanguka, na mrithi hujitokeza akiwa tayari kwa kazi.

Siri ya utaratibu huu ni utepe mwembamba wa tishu uliozama ndani ya ufizi. Katika utepe huo mna seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu na zinazoweza kujigawa na kuunda jino jipya kila zinapoamshwa.

Mnamo 2013, watafiti wakiongozwa na Profesa Cheng-Ming Chuong wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walieleza jinsi seli hizo zinavyofanya kazi katika aligeta, jamaa wa mamba apatikanaye Amerika. Walibainisha kuwa kila tundu la jino la mnyama huyo linaweza kuota meno mapya takriban mara 50 maishani.

Mamba si pekee katika neema hii. Papa wa Bahari Hindi hupanga meno yake safu kwa safu, na ya nyuma husogea mbele kuchukua mahali pa yaliyoanguka. Nyoka naye hubadilisha meno yake, hata yale yenye sumu. Ndiyo maana nyoka aliyevunjika jino la sumu hubaki kuwa hatari: jingine liko njiani.

Hata samaki wanaouzwa katika masoko ya Bungoma wamo katika orodha hii. Jamii ya ngege na furu huota meno mapya maisha yao yote, na kwa baadhi ya furu waliochunguzwa katika Ziwa Malawi kila jino hubadilishwa baada ya siku 50 hadi 100.

Meno haya hayadondoki yote kwa pamoja. Hubadilishwa kwa zamu, moja likianguka huku jirani yake likiwa imara, ili mwenyewe asibaki kibogoyo hata kwa siku moja.

Kuku wa Waluhya, ambaye hakosekani penye mgeni wa heshima, yuko upande wa pili kabisa. Mababu wa ndege walipoteza meno mamilioni ya miaka iliyopita, na kazi ya kusaga chakula ikaachiwa firigisi, kipande ambacho kwa desturi huwekewa mwenye boma.

Sababu ya mamalia kunyimwa

Mbona basi mamalia, wanaojigamba kuwa na maumbile bora, wakanyimwa ghala hili?

Jibu la kwanza limo katika ukuaji. Mamba na samaki wengi huendelea kukua kwa miaka mingi, na taya linalorefuka lahitaji meno makubwa zaidi kila mara. Mamalia hukua kwa kipindi maalumu kisha husita. Aidha, mtoto wao hunyonya kwanza, hivyo haja ya meno huchelewa. Seti moja ndogo ya utotoni na nyingine kubwa ya utu uzima hutosha.

Jibu la pili limo katika kutafuna. Mamba hatafuni, hunyafua na kumeza. Mamalia husaga chakula, na kwa hilo magego ya juu na ya chini sharti yakutane kwa usahihi, kilele kikiingia bondeni kama mawe mawili ya kusagia. Laiti meno yangebadilika kila mwaka, ulinganifu huo ungevurugika daima.

Kwa binadamu, ule utepe wa tishu huunda meno 20 ya utotoni na 32 ya ukubwani, kisha husambaratika.

Ndovu wa Elgon

Hata hivyo, kuna mamalia waliopata njia zao za kuikwepa sheria hiyo, na mmoja wao ni jirani wa wakazi wa Kitale.

Katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968 upande wa Trans Nzoia, kuna pango la Kitum. Ndovu huingia humo gizani wakipapasa njia kwa mikonga, kisha hukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi wanayoikosa katika majani ya mlimani. Tabia hiyo imelipatia pango hilo umaarufu duniani.

Pembe za ndovu kwa hakika ni meno: ni meno mawili ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka kupita kiasi. Huendelea kukua maisha yote, lakini pembe ikishang'olewa na mzizi wake haioti tena. Mwindaji haramu huiondoa pamoja na uhai wa mnyama, kwa kuwa sehemu yake imezikwa ndani ya fuvu.

Maajabu zaidi yako nyuma, kwenye magego. Ndovu hupata magego sita kila upande wa kila taya, jumla 24 maishani, lakini hayatumii yote kwa wakati mmoja. Gego jipya huchomoza nyuma na kusogea mbele taratibu, likilisukuma lililotangulia, ambalo humeguka vipande vipande na kudondoka.

Kila seti huwa kubwa kuliko iliyotangulia. Ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, huanza kutumika ndovu akiwa na umri wa miaka 30 hivi na humfikisha takriban miaka 60. Ikishachakaa, hakuna nyingine. Ndovu mzee hutafuta majani laini ya majimaji, kisha hudhoofika na kufa kwa njaa ingawa amezungukwa na msitu.

Mwaka 1966, mtafiti Richard Laws, aliyefanya kazi nchini Uganda, alichapisha mbinu ya kukadiria umri wa ndovu kwa kuchunguza magego ya taya la chini. Mbinu hiyo ingali msingi wa kazi ya watafiti wa ndovu hadi leo. Kimsingi ni elimu ileile ya soko la Chwele.

Fuko, adui wa viazi na mihogo mashambani, ana njia nyingine. Meno yake ya mbele, anayochimbia udongo, hayabadilishwi bali hukua bila kukoma, na asipoyatumia yatamzidi kinywa. Panya, sungura na nungunungu wana meno ya namna hiyo.

Yuko fuko mwingine, mwenye manyoya ya rangi ya fedha, anayeishi Kenya, Tanzania, Malawi na nchi jirani, ambaye amewashangaza wataalamu zaidi. Mnamo 2011, watafiti wa Ulaya walieleza kuwa magego yake pia hayaishi: mapya huota nyuma na kusogea mbele maisha yote. Ni mamalia wachache mno wanaojulikana kuwa na uwezo huo.

Mbegu isiyo na mrithi

Kwa binadamu, somo hili linahusu uhai na afya. Katika sehemu kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania, ingali ipo imani kwamba mtoto mchanga anapoharisha au kupata homa, chanzo ni "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" yaliyojificha katika ufizi. Mganga huupasua ufizi na kuchimbua vijipande vyeupe na laini, kisha huwaonyesha wazazi kama ushahidi.

Vijipande hivyo si ugonjwa. Ni mbegu za chonge za utotoni ambazo hazijakomaa, na kila mtoto mwenye afya anazo. Uvimbe mdogo unaoonekana kwenye ufizi ni dalili ya ukuaji wa kawaida.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto aliyekwisha dhoofishwa na kuhara huongezewa kidonda, hupoteza damu na huweza kuambukizwa pepopunda, virusi vya Ukimwi au bakteria zinazosambaa mwilini, na wapo waliokufa. Wakati huohuo, ugonjwa wenyewe hubaki bila tiba, ilhali maji ya chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini hupatikana katika zahanati.

Fauka ya hayo, mbegu ya jino la utu uzima iko milimita chache tu kutoka ile ya utotoni. Kisu cha mganga huweza kuiharibu, na miaka kumi baadaye jino likaota likiwa na kilema au lisiote kabisa. Mamba angeota jingine. Mtoto hana mrithi wa tatu.

Lipo pia kosa la wazazi wengi kuhusu gego la kwanza la ukubwani. Huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa halikutanguliwa na pengo, hudhaniwa kuwa la utotoni na kuachwa lioze.

Jino la ukubwani likitoka lote kwa ajali, lishikwe upande wa juu wala si kwenye mzizi, lisisuguliwe, litiwe ndani ya maziwa na kufikishwa kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Huenda likarudishwa na kushika tena. Jino la utotoni halirudishwi.

Matumaini ya mbegu ya tatu

Huko Japani, kundi la watafiti linaloongozwa na Dkt Katsu Takahashi limekuwa likichunguza protini iitwayo USAG-1, ambayo huzuia meno kuota. Mwaka 2021 walitangaza kwamba kwa kuizima protini hiyo waliweza kuotesha meno katika panya na kicheche wa kufugwa. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza 2024 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume wazima 30 waliopoteza angalau gego moja, kwanza ili kupima usalama wa dawa.

Dawa hiyo ingali mbali na maduka ya Kitale. Kwa sasa, mtoto wa Bungoma arushaye jino lake la utotoni juu ya paa akitarajia jipya atalipata, kwani mbegu yake ilikwisha pandwa tayari. Litakalofuata ndilo la mwisho, na litadumu kwa mswaki na dawa ya meno yenye floridi mara mbili kwa siku, kwa kupunguza vitu vitamu, na kwa mzazi kuukataa mkono wa mganga.