Mahali pa Uwanja katika Maisha ya Miji ya Bonde la Ufa

Ushabiki wa kandanda katika eneo la kati la Bonde la Ufa nchini Kenya, kuanzia vijiji vya Longonot hadi mitaa ya zamani ya Nakuru, ni desturi kamili yenye adabu, miiko na urithi wake, na ndani ya desturi hiyo ni masuala machache yanayozua ubishi kama lile la mahali panapofaa kujengwa uwanja. Mgeni anayesikiliza ubishi huo anaweza kudhani kwamba watu wanagombania umbali, nauli na maegesho ya magari. Hayo yamo, lakini chini yake pana swali zito zaidi, nalo ni kwamba mji ni wa nani, na mtu aliyezaliwa humo bila kuwa na kaburi la babu yake humo anaudai kwa njia gani.

Chanzo cha swali hilo ni historia ya miji yenyewe. Reli ya Uganda, yaani ile iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria, ilipita Naivasha na kufika Nakuru mwaka 1900. Miaka michache baadaye, kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo katika nyanda hizo walihamishwa ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Reli na mashamba vilihitaji vibarua, nao wakaja Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin na wengineo, huku Wahindi wakifungua maduka, na Waafrika wakapangiwa makazi katika mitaa kama Bondeni, Kaloleni, Kivumbini na Flamingo. Hata leo mkazi wa miji hii akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingi hutaja kijiji kilicho mbali, kwa kuwa tohara, mahari na mazishi humrudisha huko. Hivyo mji ulibaki na sherehe chache zilizo zake wenyewe, na siku ya mechi ikawa mojawapo ya hizo chache.

Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, ambao ndio mwaka wa uhuru, bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru AllStars, na timu hiyo ikatwaa ubingwa tena mwaka 1969. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa katika simulizi za soka ya Kenya, kwa sababu katika kipindi hicho timu kadhaa kubwa zilibeba majina ya jamii, kama vile Luo Union na Abaluhya United, na ziliendelea hivyo mpaka serikali ilipoagiza mwaka 1980 kwamba majina ya namna hiyo yaachwe, ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Nakuru ilikuwa imechagua mapema kubeba jina la mji. Mchezaji wa kabila lolote aliyevaa jezi ile alikuwa mtu wa Nakuru kwa muda wa dakika tisini, na kwa mashabiki wake alibaki kuwa mtu wa Nakuru hata baada ya kipenga cha mwisho.

Utiifu wa mashabiki hata hivyo una matabaka mawili, na anayetaka kuielewa desturi hii hana budi kuyatazama yote. Tabaka la kwanza ni la asili: mfanyakazi wa mashamba ya maua anayeishi Karagita au Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, huenda alirithi Gor Mahia, inayoitwa K'Ogalo, au AFC Leopards, inayoitwa Ingwe, kutoka kwa baba yake. Mechi baina ya timu hizo mbili huitwa debi ya mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi na hutaniana kama watu wa ukweni wanavyotaniana. Ngoma za isukuti za Waluhya hupigwa kumshangilia Ingwe kwa mdundo uleule unaosikika arusini na matangani. Tabaka la pili ni la makazi, yaani timu ya mtaa, ya kampuni au ya mji, ambayo mtu huipata kwa kuishi mahali. La kwanza halihitaji uwanja wa karibu, kwa maana hata redio hulitosheleza. La pili haliwezi kuishi bila uwanja, na ndiyo sababu hoja ya mahali pa uwanja humgusa hasa mtu ambaye mji ndio kwao pekee.

Uwanja wa Afraha ulioko Nakuru ulikuwa na sifa hiyo ya ukaribu. Uko mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji na kutoka mitaa ya zamani ya wafanyakazi, na ukaribu huo ndio uliojenga tabia za siku ya mechi. Wakazi walitoka msikitini, kanisani au sokoni wakaenda moja kwa moja hadi langoni. Wachuuzi wa njugu, miwa na mayai ya kuchemsha yanayopasuliwa na kujazwa kachumbari walipanga ndoo zao mapema. Watoto wasio na kiingilio waliwasubiri watu wazima wawashike mkono na kuingia nao kama wana wao. Desturi hii ya mwisho, ambayo kwa hesabu za mapato ni hasara, ni shule ya ushabiki, kwani mtoto aliyeingizwa na mtu asiyemjua hujifunza kwamba jukwaani kila mtu mzima ni mzazi wake. Ulinzi Stars, timu ya Jeshi la Ulinzi la Kenya iliyokuwa ikiutumia Afraha kama uwanja wake wa nyumbani, ilitwaa ubingwa wa ligi mfululizo katika miaka ya 2003, 2004 na 2005, kisha tena mwaka 2010. Timu ya jeshi huajiri wachezaji kutoka kila pembe ya nchi na haina asili ya mji wowote. Lakini Nakuru iliipokea, kwa kuwa ilicheza mahali ambapo watu walikuwa tayari wamezoea kukutana.

Afraha umebeba pia mambo makubwa kuliko kandanda. Mwezi wa Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto waliandaa hapo mkutano mkubwa wa shukrani baada ya kesi za Wakenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kufikia kikomo, na kesi hizo zilihusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ghasia hizo, Nakuru na Naivasha ziliumia sana mnamo Januari 2008, majirani wakaumizana kwa misingi ya kabila, na uwanja huohuo wa Afraha, pamoja na uwanja wa Naivasha, ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani, yaani watu waliofukuzwa makwao bila kuvuka mpaka wa nchi. Mahema yalisimama pale ambapo mashabiki walikuwa wakishangilia bega kwa bega. Anayesema kwamba uwanja ni nyasi na magoli tu anasahau kwamba katika saa mbaya kuliko zote, watu walikimbilia mahali walipopajua kuwa ni pa wote.

Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Afraha ukaingizwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kupitia mpango wa kusaidia miji. Kazi hiyo ilipofunga milango ya uwanja, Ulinzi ililazimika kutafuta pa kuchezea kwingine, na ndipo hoja mbili zinapokabiliana. Wanaotaka uwanja mkubwa nje ya jiji husema kwamba eneo la Afraha ni finyu, kwamba jiji linahitaji majukwaa yanayokubalika na Shirikisho la Soka la Afrika, na kwamba kukosa viwango kuna gharama. Nao wana ushahidi, kwa maana mwezi wa Juni 2024 timu ya taifa, Harambee Stars, ilicheza mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia mjini Lilongwe, Malawi, kwa kukosa uwanja unaokubalika nchini. Wanaotaka Afraha ubaki hujibu kwamba uwanja ukihamishiwa mbali, ardhi ya katikati ya mji haitakaa bila mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika kila sehemu ya Kenya, na wakazi wa miji hawajalisahau somo hilo.

Mifano ya jirani inasaidia kupima hoja hizo. Kisumu ilijenga Uwanja wa Jomo Kenyatta huko Mamboleo, nje ya kitovu cha jiji, ukatumika kwa sherehe za Madaraka za mwaka 2021, lakini ule wa zamani wa Moi ulioko mjini haukufutwa. Arusha nayo, ikijiandaa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja, inajengewa uwanja mpya katika kata ya Olmoti huku ule wa Sheikh Amri Abeid ukibaki katikati ya mji. Kujenga kipya pembeni si kosa. Kosa ni kukifanya kipya kuwa sababu ya kukiua cha zamani, kwa kuwa mashabiki wanaokwenda kwa miguu hawahami pamoja na saruji.

Upande wa Naivasha, desturi ilichukua njia nyingine, na hatari yake ikawa nyingine. Huko timu kubwa zilizaliwa na kampuni za maua: Oserian ilikuwa bingwa wa ligi katika miaka ya 2001 na 2002, na Karuturi Sports ilicheza ligi kuu mwanzoni mwa muongo wa 2010. Wafanyakazi waliishi katika nyumba za kampuni, wakatazama mechi katika uwanja wa kampuni, na wengi wakaipenda timu hiyo kwa moyo wote. Lakini mwaka 2014 Karuturi iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kukusanya madeni ya kampuni iliyoshindwa kulipa, na leo timu hizo mbili hazimo katika ligi kuu. Ubingwa mara mbili mfululizo ni heshima ambayo miji mingi ya Kenya haijawahi kuionja, ila uwanja wa mwajiri hufuata hesabu za mwajiri, na shabiki hana sauti katika hesabu hizo.

Longonot, uliopo kati ya Mai Mahiu na Naivasha chini ya mlima wenye kimo cha mita 2,776, unasikiliza mabishano hayo kutoka mbali. Kwa utawala, ni sehemu ya Kaunti ya Nakuru. Kwa barabara, Nairobi iko karibu kuliko makao makuu ya kaunti, kwa hiyo uwanja wa Afraha, hata ukikamilika kwa uzuri wote, ni safari ya siku nzima kwa kijana wa huko. Udongo wa Longonot ni jivu la volkano, mwepesi kiasi kwamba wakati wa kiangazi mpira ukipigwa huinua vumbi linalomficha mlinda lango, na mahali pa kuchezea mara nyingi ni malisho ambayo mifugo ya Wamaasai huyatumia pia. Wachezaji na wachungaji huelewana kwa maneno ya mdomo, na maelewano hayo yamedumu kwa sababu ya heshima tu, wala hayana karatasi. Tangu reli mpya ya kisasa ifike upande wa Suswa mwaka 2019, ardhi ya eneo hilo imepanda thamani, na uwanda usio na hati ndio wa kwanza kuwekewa ua.

Mjadala wa uwanja katika kaunti yenye watu 2,162,202, kwa sensa ya mwaka 2019, haupaswi basi kuishia kwenye idadi ya viti vya Afraha. Afraha ubaki ulipo na ukamilishwe, kwa kuwa mahali pake ndipo palipoupa mji wenyewe wake. Naivasha ipate uwanja wa umma usiotegemea bei ya maua barani Ulaya. Na kwa Longonot, serikali ya kaunti ikae na wafugaji na vijana, ipime eneo moja karibu na kituo cha zamani cha reli, ilisajili kwa jina la umma, ichimbe kisima na kupanda miti ya kukinga vumbi. Hati itangulie, na majukwaa yatafuata.