Simu, Saiba au Kipakatalishi? Hesabu ya Lahajedwali kwa Watoto wa Garissa

Dada yangu anauza maziwa ya ngamia mjini Garissa, na ana watoto watatu: wa gredi ya 4, ya 6 na ya 8. Likizo ilipoanza alinijia na swali moja. "Walaal, hawa niwapeleke chuo cha kompyuta, niwanunulie mashine, au niwaachie simu yangu?" Kuna mtu alikuwa amemtia hofu kwamba mtoto asiyejua Excel ameshachelewa. Nilimwomba siku mbili nipige hesabu. Niliipigia kwenye lahajedwali, watoto wakiwa wamenizunguka.

Kabla ya kugusa chombo chochote tulifungua daftari la miraba, lile la hesabu wanalolijua tangu gredi ya 1. Juu ya safu tuliandika A, B, C. Pembeni 1, 2, 3. Ninaita "A2 mara B2", mtoto anatafuta namba zilipo, anazidisha, anaandika jibu kwenye C2. Gharama yake ni daftari ambalo tayari limenunuliwa. Mtoto aliyeshika kwamba seli ina anwani, na kwamba fomula inaita anwani badala ya namba, amemaliza sehemu ngumu. Asiyeshika hilo atabonyeza tu, hata umpe mashine ya laki moja.

Sasa pesa. Tuchukue saiba inayotoza shilingi 1 kwa dakika. Kama ya kwenu ni zaidi, badilisha namba hiyo moja na hesabu yote itafuata. Dakika 40 mara tatu kwa wiki ni shilingi 120. Kwa mwaka wa shule wa wiki 36 ni 4,320 kwa mtoto mmoja, na 12,960 kwa watatu. Tuseme kipakatalishi kilichokwisha kutumika umekipata kwa 18,000. Mtoto wa pekee atahitaji wiki 150 za saiba kufikia bei hiyo, yaani zaidi ya miaka minne ya shule. Watoto watatu wanaifikia kwa wiki 50, kabla mwaka wa pili haujafika katikati. Mwenye mtoto mmoja basi asikimbilie dukani.

Bei ya dukani nayo si bei yote. Mashine iliyotumika mara nyingi huja na betri iliyochoka, na joto letu huimaliza kabisa. Usiiache chini ya bati mchana. Halafu kuna umeme. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, cha megawati 50 na ushee, kilizinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia gridi ya taifa. Haufiki kwenye boma la mfugaji kwa sababu tu jua lilikuwa letu. Sola ndogo ya nyumbani inayochaji simu kwa raha kwa kawaida haiwezi kipakatalishi. Uliza chaja inakula wati ngapi kabla ya kuuliza mashine ina kumbukumbu kiasi gani.

Simu ya dada ndiyo iliyonishangaza. Majedwali ya Google ni ya bure, na faili ukishaliweka litumike nje ya mtandao, huhitaji bando kulifungua. Lahajedwali lenyewe ni jepesi. Kinachomaliza data ni video. Mtoto wa chini ya miaka 13 atahitaji akaunti inayosimamiwa na mzazi kupitia Family Link. Excel ya simu nayo ni ya bure kwa kuhariri, ila hapa kuna mtego: ruhusa hiyo ni kwa skrini isiyozidi inchi 10.1. Ukinunua kishikwambi kikubwa zaidi ukidhani umempendelea mtoto, utadaiwa ada ya usajili. Ubaya wa simu ni kioo kidogo, na kwamba mama huondoka nayo sokoni.

Kwa kipakatalishi ninapendekeza LibreOffice Calc bila kusita. Ni ya bure, na leseni yake inakuruhusu kuinakili: ipakue mara moja, itie kwenye flashi, uisambaze mtaa mzima. Ukoo wake wa OpenOffice umewahi kuzungumza Kiswahili; mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Fundi atakayekuwekea Excel ya kukraki kwa mia mbili tatu anakuuzia pia virusi.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa la kuzidisha. A2 na B2 tuliweka =RANDBETWEEN(2,12), mtoto anajibu C2, na D2 inasahihisha: =IF(C2=A2*B2,"Sawa","Rudia"). Wa gredi ya 4 akaandika jibu, akapiga kelele: "Abti, swali limebadilika!" Kweli. Fomula hiyo huchagua namba upya kila unapoandika kitu. Dawa ni kunakili maswali na kubandika thamani pekee. Kwenye Calc, kuanzia toleo la 7.0, ipo RANDBETWEEN.NV inayotulia.

Zoezi lililowakalisha jioni nzima ni zaka ya mbuzi, ambayo walishaisoma duksi, yaani madrasani: 40 hadi 120 hutolewa mmoja, 121 hadi 200 wawili, 201 hadi 399 watatu, kisha kila mia mmoja. Wa gredi ya 8 alianza na B2>40. Tulipojaribu mbuzi 40 kamili jibu likawa sifuri, mama yake akaguna: "Maskini wamenyimwa haki yao." Akarekebisha: =IF(B2<40,0,IF(B2<=120,1,IF(B2<=200,2,IF(B2<=399,3,INT(B2/100))))). Kisha akaipima kwa 39, 40, 120, 121, 399 na 400. Hapo ndipo nilipoona hisabati ikifanya kazi.

Kuhusu chuo, kozi za "pakeji" zinamfaa kijana anayetafuta kazi ya ofisi. Hupitia programu tano sita kwa haraka, na mtoto wa gredi ya 4 hurudi nyumbani na majina ya vitufe. Sikuona sababu ya kulipa.

Basi dada ameamua hivi: daftari na simu kwa wote watatu kwa sasa, jioni anaporudi kutoka sokoni. Kipakatalishi anakiwekea akiba, na watoto ndio wanaojaza lahajedwali la akiba hiyo kila Ijumaa. Saiba imebaki ya kuchapisha karatasi tu.