Visukuku vya meno ya taa

Visukuku vya meno ya taa ni meno ya samaki wa kundi la Batoidea (taa, nyenga, pungu na jamaa zao) yaliyohifadhiwa ndani ya miamba. Kiunzi cha samaki hao ni cha gegedu, kama cha papa, nacho huoza upesi baada ya kifo. Meno ni magumu, tena huota mapya maisha yote, hivyo taa mmoja huacha mengi chini ya bahari. Spishi nyingi za kale zinajulikana kwa meno tu. Viunzi kamili, kama vile vya Monte Bolca nchini Italia, ni nadra.

Taji na mzizi

Taji, yaani sehemu ya juu ya jino, huonyesha hasa chakula. Pungu huponda kome na konokono kwa meno bapa yaliyopangwa kama vigae vya sakafu. Katika jenasi Myliobatis safu ya kati ni pana, na kila upande wake kuna safu tatu za meno madogo. Aetobatus ana safu moja tu.

Kuhusu ukoo, mara nyingi mzizi husema zaidi. Kwa nyenga wa kawaida una mfereji mmoja unaougawa pande mbili. Kwa pungu una mifereji mingi, kama kichana. Mobula, taa wakubwa wanaochuja planktoni, wana meno madogo mno, lakini DNA inawaweka karibu na Rhinoptera, waponda kome. Visukuku vinakubaliana nayo: meno ya Burnhamia, aliyeishi wakati wa Eosini na kupatikana kusini mashariki mwa Uingereza, yana sifa za pande zote mbili.

Meno yanapodanganya

Jinsia huweza kupotosha. Nyenga dume wa spishi Hypanus sabinus, wa pwani ya Marekani, huota meno makali msimu wa kujamiiana ili kumshika jike, ambaye meno yake hubaki butu. Kwenye mwamba, wawili hao wangeweza kuandikwa kama spishi mbili.

Kosa kubwa zaidi lilihusu Ptychodus wa Kretasia. Kwa sababu ya meno yake ya kuponda, baadhi ya wataalamu wa karne ya 19 walimweka pamoja na pungu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa visukuku kamili kutoka Vallecillo, Meksiko: mwili ni wa papa mwogeleaji hodari wa oda Lamniformes, oda ya papa mweupe.